Funza za Kambale

Asubui nilikuwa naosha funza zenye tulifugaka mu matumbo ya mbuzi yenye kuoza, chakula ya kambale wenye kaka yangu mukubwa, yaya Moussa, anafuga mu bwawa. Yeye iko Punia anachimba zahabu. Mbele aende aliniambia: "Rachida, usiwaache na njaa, watakulana."

Bibi Mwanahamisi akaona beseni, akamwanga yote mu moto.

"We mutoto! Wakati ya vita nilitoa hizi mu macho ya babu yako, na vidole, mbele tumuzike. Leo unazilisha samaki yenye nitakula?"

Nikaokota beseni, nikaenda kuiosha.

Mangaribi nikatupa majani ya muhogo mu bwawa. Hawakugusa. Kambale mukubwa mumoja alikuwa na mukia ya mwenzake mudogo inje ya kinywa.

Nikamuandikia yaya: "Bibi amekatala funza. Wameanza kulana. Niwape nini?"