Midundo Miwili ya Orvil Messer

Ardith Messer alishusha gitaa la marehemu baba yake na kusema, kwa mara ya tatu asubuhi ile, "Hapana."

Brent Colley, kiongozi wa bendi iliyotoka Nashville kuja kurekodi albamu ya kumkumbuka huyo marehemu, alivua kofia, akajikuna, akaivaa tena. Alikuwa mtu mpole, na upole wake ndio uliomuudhi Ardith. Afadhali mkorofi, ukimjibu, unajua umemjibu.

"Mama, nisikilize," alisema Brent. "Kila mstari una midundo minane. Huu wa tatu una kumi. Miwili imezidi."

"Haijazidi. Ni ya baba."

"Ni kosa, mama. Kosa la mtu mkubwa, lakini ni kosa. Nyota wote walioimba huu wimbo wameunyoosha."

"Ndiyo maana wakianza huwa nazima redio."

Mpiga ngoma, jamaa mnene aitwaye Tully, alicheka, kisha akajifanya anakohoa.

Wimbo wenyewe ni "Hesabu Viatu". Mchimba makaa anamwambia mkewe ahesabu viatu mlangoni jioni, na kama jozi moja imepungua, asifunge mlango bado. Basi, hakuna fumbo, hata mtoto anauelewa. Orvil Messer aliutunga mwenyewe na kuurekodi mwaka 1961, baada ya miaka kumi na tisa chini ya ardhi, na wakati huo vumbi la makaa lilikuwa limehamia kifuani mwake kama mwenye nyumba. Alipofika "kama jozi moja imepungua", pumzi ikamwishia. Akanyamaza, akavuta hewa, wenzake wakamngoja, ndipo akamalizia, "usifunge mlango bado." Santuri ikatoka hivyohivyo.

Dunia ikaunyoosha wimbo. Sisi wa Bonde la Tolbert, kwao Orvil, hatukuunyoosha. Watoto wetu hujifunza gitaa kwa wimbo huo, na pumzi ile huwaingia vidoleni kiasi kwamba hata wakipiga wimbo mwingine kabisa husimama mstari wa tatu. Kanisani tunasimama hata kwenye tenzi ambazo Orvil hakuzigusa. Mchungaji mmoja mgeni alijaribu kutukomesha, akahama yeye.

"Tatizo ni hili," alisema Brent, akionyesha waya uliotoka sikioni mwake. Kila mpigaji wake alikuwa na waya kama ule, na ndani yake saa ilikuwa ikigonga mdundo. "Sote tunafuata saa moja. Saa haingoji mtu. Ukisimama, bendi itakuacha. Kama unaona vigumu, tunaye mwimbaji wetu, binti mzuri tu, ataimba yeye. Hakuna ubaya."

Hapo Ardith aliogopa kweli. Wale watakaozaliwa kesho wataujua wimbo huu kutoka kwenye albamu hii. Ukinyooshwa hapa, katika bonde la Orvil, mbele ya binti wa Orvil, nani tena atakayeuliza zile pumzi zilikwenda wapi?

"Nitaimba mimi," alisema.

"Na ule mstari?"

"Nitasimama."

"Haya," alisema Brent kwa upole uleule. "Sikio la kufa halisikii dawa."

Mchana bendi ikala ndani ya basi lao, na watu wa bonde wakapanda makaburini, maana ilikuwa siku ya kupamba makaburi na siku hiyo haiahirishwi kwa ajili ya albamu. Ardith aliosha jiwe la baba yake, akaliwekea maua, kisha akapakua maharage na mkate wa mahindi kwenye meza ndefu iliyowekwa palepale kando ya wafu. Alimpelekea sahani Mjomba Hobert, aliyepiga besi kwenye ile santuri. Katika bendi nzima ya Orvil amebaki yeye tu, ana miaka themanini na minane, na mtungi wake wa hewa huuvuta nyuma kwa magurudumu kama mbwa mvivu.

"Wanasema saa haingoji, mjomba."

"Nimesikia."

"Nyinyi mlimngoja vipi? Mlikuwa mmepanga?"

"Tupange nini?" Hobert alivuta hewa kidogo. "Bwana mwenye studio alitaka turudie. Baba yako akamwambia, 'Nikirudia, nitakukoholea damu kwenye zulia lako.' Alilipenda zulia lake yule. Akaiacha ilivyo."

Ardith alicheka, lakini mzee hakuwa amemaliza.

"Sikia, mwanangu. Kule chini mwenzako akiishiwa pumzi, unasimama naye. Huendi ukamwacha. Hata huo si muziki, ni adabu tu."

"Mimi ni mpishi wa shule, mjomba. Nikiaibika mbele ya watu?"

"Umewapikia watoto wetu yale maharage miaka thelathini na hukuaibika, leo ndiyo uaibike?"

Ardith alimchapa begani kwa kitambaa cha meza, akajisikia nafuu.

Saa kumi jioni ukumbi wa michezo wa shule ulijaa, watu mia nne na zaidi, maana wimbo ulirekodiwa mbele ya watu. Ardith alianza vizuri. Mstari wa tatu akasimama, na bendi ikapita kama ilivyoahidi. Alipotamka "usifunge mlango bado", wao walikuwa wameshaufunga na kuondoka. Fidla ilikwenda huku, gitaa kule, na sauti ya Ardith ikabaki katikati bila mwenyewe. Brent akampungia mkono: songa mbele, songa mbele. Watu wakatazama sakafu kwa kumhurumia, na huruma ile ikamchoma kuliko kuzomewa.

Aliinua kiganja. Bendi ikanyamaza.

"Tunaanza upya," alisema. "Na safari hii mtaningoja."

"Mama, ile saa..."

"Si uivue, kwani imeshonewa?"

Ukumbi ukacheka. Ardith hakucheka, na hakusubiri kuhesabiwa. Maji ukiyavulia nguo huna budi kuyaoga. Aligonga sakafu kwa kisigino na kuanza peke yake. Mstari wa kwanza. Wa pili. "Kama jozi moja imepungua..."

Akasimama.

Na ukumbi mzima ukavuta pumzi. Hakuna aliyeambiwa. Wakongwe, kina mama wenye watoto mapajani, vijana ambao hawajawahi kuuona mgodi, wote walivuta mara moja, kama walivyozoea tangu utotoni. Brent aligeuka ghafla kutazama sauti ile ilikotoka.

"...usifunge mlango bado."

Ubeti wa pili, Tully alichomoa waya sikioni na kuuacha uning'inie, akamfuata Ardith kwa ngoma, na bendi ikaingia. Alipofika mstari wa tatu aliinua fimbo zake juu, akangoja. Mwenye fidla akamwona, naye akangoja. Kufikia ubeti wa mwisho hata Brent alikuwa amefumba macho, anavuta pumzi pamoja na watu.

Baadaye, ndani ya gari la mitambo, walisikiliza walichorekodi. Ardith alisimama mlangoni amekunja mikono, na Hobert alikaa kwenye ngazi.

"Ni nzuri, siwezi kukataa," alisema Brent. "Lakini kampuni wanautaka umenyooka. Naweza kukata hii miwili sasa hivi. Kazi ya dakika moja."

"Kata basi," alisema Ardith. "Lakini sikiliza kwanza unachokata."

Brent alirudisha nyuma, akaongeza sauti. Katika midundo ile miwili hakukuwa na chombo hata kimoja. Kulikuwa na watu mia nne wakivuta hewa, na chini yao, kwa mbali, kitu kikilia *tss*, kimya, *tss*.

"Hiki nini?"

"Mtungi wa Mjomba Hobert," alisema Ardith. "Ndiye aliyepiga besi. Ndiye aliyemngoja baba."

Brent alimtazama mzee pale kwenye ngazi. Mtungi ukalia tena, safari hii mbele yake. Akaondoa kidole kwenye kitufe, akavuta karatasi yake ya wimbo, akatafuta mstari wa tatu. Alikata nane, akaandika kumi.