Kipande Kinachokunywa

Watu wa karakana walimwita Mama Tanuri, ingawa hakuzaa mtoto wa jina hilo. Jina lilitokana na tanuri la umeme la chumba cha nyuma, ambalo kwa miaka kumi na mmoja hakuna mkono mwingine uliothubutu kulifungua bila ruhusa yake. Humo alichoma vipande vya kuzibia mifupa iliyovunjika au kuliwa na maradhi. Kazi yenyewe ukisimuliwa utaiona nyepesi: unachukua unga mweupe wa madini yaleyale yaliyomo mfupani, unauchanganya na punje za nta ndogo kuliko chembe za chumvi, unaushindilia kwenye kalibu, unachoma. Nta inaungua na kuacha vijitundu maelfu kwa maelfu, vilivyoungana. Haya, jaribu wewe. Ukipunguza moto, kipande kinasagika vidoleni. Ukizidisha, vijitundu vinajifumba, na ulichopata ni kokoto tu.

Kaka yake, aliyempita miaka sita, alikuwa fundi mwashi. Yeye walimwita Timazi, kama ile kamba ya waashi ya kupimia wima, kwa kuwa hakuweza kupita mbele ya ukuta uliopinda bila kusimama na kuusema. Siku ya harusi yake mwenyewe alichelewa akibishana na mtu asiyemjua juu ya kona ya uzio.

Sasa Timazi alikuwa mwezi wa tano juu ya magongo. Uvimbe, si saratani, ashukuriwe Mungu, ulikuwa umeukomba mfupa wa muundi wake mpaka ukabaki ganda. Daktari wa mifupa alisema bila kuzunguka: ataukwangua uvimbe, na shimo litakalobaki lazima lijazwe. Lisipojazwa, siku yoyote mguu utavunjika palepale, na hapo hatakuwa na cha kuunga. Kipande kingetoka kwa Mama Tanuri. Kilichokosekana ni sahihi ya mgonjwa.

"Sitii sahihi mpaka nilione hilo tofali," akasema Timazi.

Akaja karakanani na mkewe, akakaa, akaunyoosha mguu kwenye benchi kama mwenye mali. Mama Tanuri akamtolea kipande kilichokuwa tayari, urefu wa kidole gumba, chepesi, kimejaa matundu kama nyama ya mkate. Timazi akakigonga kwa ukucha. Akakisogeza sikioni, akagonga tena. Kisha, kabla hajazuiwa, akakitumbukiza kwenye glasi yake ya maji. Viputo vikapanda.

"Unaona? Linakunywa! Tofali linalokunywa hivi halijaiva. Mimi silipangi hata kwenye banda la kuku, nawe unataka kunitia nalo mguuni?"

"Kaka, hilo si tofali."

"Kila kinachochomwa ni tofali."

"Mume wangu, taratibu," mkewe akasema. "Huyu ni dada yako."

"Kwa kuwa ni dada yangu ndiyo maana namwambia ukweli. Wifi yako mwenyewe ungemwacha aaibike mbele za watu?"

Wakaondoka bila sahihi. Mama Tanuri akakitupa kile kipande kilicholowa. Wageni walikuwa wakija kumpa mkono kwa kazi ile. Madaktari walimsifu. Lakini sifa aliyoitaka tangu angali binti ilikuwa ya mtu mmoja tu, na huyo ndiye aliyetaja banda la kuku.

Hapo ndipo alipofanya jambo ambalo angemfukuzia mtu kazi. Vipande hufinyangwa viwiliviwili, pacha kwa pacha, na tayari alikuwa na jozi nyingine. Kimoja akakichoma kwa moto wake halali. Cha pili akakiongezea nyuzi mia na hamsini na kukiacha ndani kwa saa mbili zaidi. Kikatoka kimesinyaa kidogo, cheupe, kinang'aa, na ukikigonga kinalia kama kengele.

"Enhee!" Timazi akasema aliporudi karakanani na mkewe na kukisikia kikilia. "Sasa umefanya kazi. Umeona? Ulihitaji kuambiwa tu." Akatia sahihi palepale, karatasi juu ya goti la mkewe. Mama Tanuri akacheka, na sifa ile ikamkolea kuliko asali.

Kesho yake asubuhi ikabidi ajaze daftari la vipimo. Sharti alilitunga mwenyewe: hakuna kipande kitakachotoka kabla ya kudondoshewa tone la maji ya buluu, na tone linywewe kabla hujahesabu tatu. Akadondosha. Tone likakaa juu kama jasho la puani. Akahesabu tatu, akahesabu thelathini, akafika mia. Likamtazama tu.

Uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti. Alilijua hilo tangu alipokuwa akizungusha kitufe cha moto. Akaona haya, peke yake, mlango umefungwa.

Simu ikalia. Alikuwa daktari. "Upasuaji ni kesho. Kiko tayari?"

"Kiko," akasema, na hakudanganya, kwani yule pacha aliyechomwa kwa moto halali alikuwepo. Angemtuma pacha huyo, mambo yakaisha. Mgonjwa aliyelazwa usingizi kwa dawa hachungulii mguuni mwake. Timazi angepona huku akiisifu kengele yake maisha yote. Nani angejua?

Yeye angejua. Kipande kile kizuri, chenye matundu yake yote, kingeingia kwa kificho kama mwana haramu, na sahihi ya kaka yake ilikuwa ya kingine. Akavifunga vyote viwili kila kimoja kwenye kopo lake, akavua koti la kazi, akaenda.

Alimkuta Timazi sebuleni, mguu juu ya kigoda. Hakusalimia sana. Akaomba nyundo, akakiweka kile cha kengele sakafuni, akakipiga. Kikapasuka vipande vitatu.

"Una wazimu?" Timazi akapaza sauti. "Mguu wangu huo!"

"Si mguu wako. Ni kokoto. Niliongeza moto ili unisifu, kaka. Miaka yote nangoja useme neno kuhusu kazi yangu, na ulipolisema, ukasifu kosa." Akaiweka nyundo chini. "Sasa nijibu. Ukijenga ukuta mrefu, jukwaa la kupandia mafundi unalifunga mbao zikigusana, bila nafasi?"

"Jukwaa gani hilo? Mtu apandie wapi?"

"Na ukuta ukishasimama?"

"Unalibomoa, unakwenda zako."

"Basi mguuni mwako fundi si mimi. Fundi ni mfupa. Mimi namfungia jukwaa. Atapita kwenye haya matundu na damu yake, atajenga, na kila akijenga atabomoa kidogo cha kwangu. Kile ulichokisifu hakina pa kukanyaga. Angekizunguka tu, na kesho kutwa kingekuvunjikia humohumo."

Akafungua kopo la pili, akadondosha tone la buluu. Likazama kabla hajasema mbili.

Timazi akakiangalia muda mrefu, bila kukigonga. "Kwa hiyo nilikosea."

"Mimi ndiye mwenye tanuri. Kosa ni langu."

"Usinigombanie kosa langu," akasema. Kisha akamgeukia mkewe. "Niletee kalamu. Na wewe, nipe karatasi nyingine. Ile nilitia sahihi ya kijinga."

Mwaka na nusu ukapita tangu upasuaji, na picha za eksirei kila baada ya miezi michache. Siku ya picha ya mwisho Timazi alisimama kwa miguu yake miwili mbele ya kioo chenye taa, mkewe upande mmoja, dada yake upande wa pili. Daktari akapitisha ncha ya kalamu juu ya muundi, akarudi chini, akapanda tena. Akakaribia mpaka pua ikagusa kioo.

"Mpaka wa kipande na mfupa siuoni," akasema.

Timazi akashtuka. "Kimekwenda wapi? Dada, kipande chako kiko wapi?"

Mama Tanuri alikuwa ameshaona, na machozi yalikuwa yakimtiririka naye anacheka. Katika kazi zake zote hakuwahi kujivuna hivi.

"Hakipo, kaka," akasema. "Hapo pote ni wewe."