Hatua Nne za Chuma

Mchua misuli wa timu aliitwa Dokta, ingawa chuo cha udaktari alikuwa akikiona kwa nje tu, akipita. Asubuhi hiyo kamati ilimwita ofisini, na tangu mlangoni alijua mambo si shwari, maana hata mwenyekiti, mtu wa porojo, hakumtania.

Walikuwa wakiamua kama nahodha wao, Chuma, aongezewe mkataba. Chuma alikuwa na miaka thelathini na sita, na mashabiki walishaanza kumzomea. Mbele ya katibu lilikuwepo daftari la vipimo, limejaa mwandiko wa Dokta mwenyewe.

Daftari hilo Dokta aliliogopa kama nyoka. Kila mwezi wachezaji walipimwa mbio kutoka goli hadi goli, yeye akishika saa. Misimu mitatu nyuma, Chuma aliumia goti mazoezini, akamng'ang'ania mkono. "Nifichie msimu huu tu, kaka. Wakijua, wataniweka benchi." Dokta hakuwa na moyo wa kukataa. Tangu hapo, zamu ya Chuma ikifika, saa ilibonyezwa akiwa ameshapiga hatua nne. Msimu mmoja ukawa miwili, miwili ikawa mitatu. Goti lilivyozidi kuharibika, ndivyo Chuma wa daftarini alivyozidi kuwa na kasi.

"Mimi nilidhani mtu wa watu kachoka mwili," katibu alisema, akiligonga daftari kwa kalamu. "Kumbe mbio anazo kuliko hata winga wetu! Sasa uwanjani anatembea kwa nini? Huyu anatutegea."

Klabu ilikuwa na utaratibu wake wa miaka mingi: mchezaji akiumia akiitumikia timu, anatibiwa, na asipoweza kucheza tena anapewa timu ya vijana aifundishe. Anayetegea anaonyeshwa mlango. Ukweli ungemwokoa Chuma tangu siku ya kwanza, na aliyeufukia ni yeye Dokta, kwa huruma zake za kijinga.

Akamwaga yote: goti, saa, hatua nne.

Mwenyekiti akavua miwani. "Yaani leo, siku ya kumwacha, ndiyo goti linauma?"

"Linamuuma mwaka wa tatu huu, mzee."

"Umeandika wapi?"

Hakuwa ameandika popote.

"Mpelekeni basi akapigwe picha," Dokta aliomba.

"Picha itatuonyesha goti bovu," katibu akajibu. "Haitatuonyesha kaliumizia wapi, wala lini. Dokta, wewe na Chuma ni chanda na pete, mji mzima unajua. Usitufanye watoto."

Mikono ya kumwacha Chuma ikainuka, yote. Dokta naye akaambiwa akabidhi funguo za chumba chake kabla ya Ijumaa, na kwa hilo hakuona hata uchungu.

Chuma alikuwa akimsubiri juu ya meza ya kuchulia, kaptura imekunjwa, goti limevimba kama boga. Dokta alimweleza neno kwa neno, bila kujitetea. Alitamani atukanwe, ikiwezekana apigwe kabisa. Chuma alisikiliza mpaka mwisho, akaisogeza pembeni ndoo ya barafu.

"Kosa letu sote, kaka," akasema. "Nifunge goti."

"Nikufunge ya nini tena, mdogo wangu?"

"Wenzangu wako uwanjani. Nataka kuwaaga. Sitaki wanikumbuke nikichechemea."

Dokta akachukua bandeji na plasta. Machozi yalimlenga, lakini mikono ilikuwa imeizoea kazi hiyo. Akazungusha, akakaza, akazungusha tena. Hakuwahi kulifunga goti hilo vizuri hivyo. Kisha akashusha soksi, akapandisha tena, mpaka plasta ikafichika yote.

Chuma alitoka kifua mbele. Akawapa wenzake mikono mmoja mmoja, akawachekesha, na kwa kuwa kipa alikuwa amebaki kwenye goli la mbali, akamkimbilia mbio nyepesi, za kijana hasa.

Wanakamati walikuwa wamesimama kwenye baraza ya ofisi. Dokta, plasta iliyobaki ikiwa bado mkononi, alimsikia katibu akiwaambia wenzake, "Haya, jamani, lioneni hilo goti bovu."

Wote wakacheka, na mwenyekiti akarudi ndani kusaini barua ya kumwacha.