Pumzi ya Kuiba

Mume wangu Nzau ameimba besi katika kwaya ya parokia tangu tuoane, na ubishi anao wa kutosha kwaya nzima. Hata kiharusi kilichompooza mkono wa kulia na kumpinda mdomo hakikuupunguza.

Siku ile, katika kliniki moja hapa Machakos mjini, Daktari Warigia, msichana wa juzi tu, alitueleza mara mbili, maana mimi nilikuwa nakaa, nasimama, nakaa tena. Mshipa wa shingo upande wa kushoto ulikuwa umeziba karibu wote. Alitaka kujua kama ubongo wa upande huo bado una akiba, yaani kama mishipa yake ingali inaweza kupanuka na kuongeza damu ikihitajika. Nzau angebana pumzi nusu dakika, ili ubongo udai damu zaidi, naye angesikiliza damu kwa kifaa kilichowekwa kando ya jicho. Sauti ikipanda, tungeendelea na dawa. Isipopanda, shingo ingepasuliwa, na kupasua kwenyewe kungeweza kuleta kiharusi kingine.

Nzau akabana. Mashine ikavuma, fyuu, fyuu. Muda ukaisha, sauti ni ile ile. Daktari akakunja uso. Mimi nikamtazama mume wangu puani, damu ikanichemka. Akishikilia noti ndefu kanisani, Nzau huiba pumzi kidogo kidogo kwa pua, bega halitikisiki.

"Baba Mutanu, unaiba," nikamwambia.

Akakubali, kwa ulimi mzito, kwamba hakutaka kushindwa mbele ya msichana mdogo hivyo. Nilimfokea mpaka daktari akaniomba nikae. Lakini moyoni nilifurahi mno, maana niliona kosa liko puani, si kwenye mishipa. Nikaomba arudie, na safari hii nimshike pua mimi mwenyewe.

Nikamshika. Akatoa macho, jasho likamtoka. Nilisikiliza kwa mwili mzima, nikiiombea ile sauti ipande kidogo tu. Daktari akasema inatosha. Vidole vyangu vilikataa kuachia mpaka Nzau akavibandua kwa mkono wake mzima.

Sauti haikupanda.

"Tujaribu tena," nikamwambia daktari. "Sikushika vizuri."

"Umeshika vizuri, Mama Mutanu," Nzau akasema, bado akihema. "Niko na woga. Wacha daktari apange siku ya kupasua."

Alisema hivyo mbele ya yule msichana, wala hakugeuza uso.