Ubeti wa Tatu

Kufikia saa nne foleni ilikuwa imezunguka ukumbi. Provia alitoka Juru, kwenye kambi ya wakimbizi ya Nakivale, alfajiri kwa baiskeli ya kaka yake. Mbele yake alisimama Swabulah, binti wa muuza vitenge wa Nyamityobora. Miaka mitatu walikuwa wakiimba pamoja kwenye harusi. Nyimbo alitunga Provia, Swabulah aliitikia.

Watu wa televisheni walikuwa wamekuja kutoka Kampala kuchagua mwimbaji mmoja wa Mbarara.

"Kitambulisho," karani alisema.

Provia akatoa karatasi yake.

"Hii ya wakimbizi. Wewe Munyarwanda?"

"Nimezaliwa hapa hapa, Nakivale."

"Mushindi anaenda Nairobi kurekodi santuri. Hapa kwetu mashine hakuna. Kwa mupaka utaonyesha nini? Hii?" Akairudisha. "Mwingine!"

Swabulah, aliyekuwa ameshaandikishwa, akamshika mkono. "Dada, niachie ule wimbo wako. Jina lako nitalitaja."

Watu walikuwa wanasukuma. Provia akakubali kwa kichwa.

Alisikilizia dirishani. Swabulah alikuwa na gauni la kijani, taa za kamera zikimng'arisha kama bibi harusi. Hata pa kuvuta pumzi hapajui, alijisemea. Uso huo, na karatasi za uraia za baba yake, basi.

Kwenye ubeti wa tatu, ule Provia alioutunga wiki waliyomzika mama yake, Swabulah alikwama. Macho yakakimbilia dirishani. Neno moja lingetosha. Provia alikuwa nalo ulimini. Akafunga mdomo.

Swabulah akaitabasamia kamera, akaimba la-la-la mpaka mwisho. Waamuzi wakapiga makofi.

Saa tisa jina la Swabulah lilisomwa. Akatoka mbio.

"Tumeshinda, dada! Ijumaa niko kwa televisheni! Nikumbushe ule ubeti."

"Umewaambia wimbo ni wa nani?"

Swabulah akatazama viatu vyake. "Fomu iko na fasi ya jina moja tu."

Provia akaichukua baiskeli ukutani. Swabulah akashika kiti cha nyuma.

"Nisaidie, Provia. Nitaimba nini pale?"

"La-la-la. Si wameipenda?"

Akapanda. Kwenye barabara ya Isingiro, akirudi kambini, vumbi likimwingia machoni, aliuimba ubeti ule peke yake, kwa hasira, mara nyingi, mpaka sauti ikamkauka.