Hatoki Mtu na Nguo Mbichi

Chapuchapu alikuwa ameshafika safu ya tatu jua likiwa bado halijachoma, mpira wa maji mkono mmoja, fagio la mpira mkono wa pili. Vumbi la usiku lilikuwa limeganda juu ya paneli za sola. Unamwagia, unasugua, unayakokota maji mpaka chini, unasogea. Jina hilo alipewa na wenzake kwa wepesi wa mikono, na wepesi wenyewe haukumwongezea mshahara. Ulimwongezea safu.

Na safu nazo zilizaliana. Uwanja ule ulianza mdogo, mtu akiita upande huu anaitikiwa upande wa pili. Sasa ukisimama katikati huoni mwisho, na redio haimalizi taarifa ya habari bila kusifu nchi inavyopaa kwa umeme wa jua na wa upepo. Mtaani kwa Chapuchapu redio hiyo waliisikiliza kwa betri. Nyaya zilitoka uwanjani, zikapita juu ya mabati yao bila hata kupiga hodi, zikaenda zao mjini.

Giza angelivumilia, mtu huzoea. Lililomkaba koo ni maji. Paneli chafu haitoi umeme wa kutosha, kwa hiyo kisima cha mtaa kiliunganishwa na tangi la kampuni, na kila uwanja ulipopanuliwa bomba la mtaa lilipungua nguvu. Lilianza kwa kukohoa, mwisho likanyamaza kabisa. Muuza maji wa mkokoteni akaona mvua imemnyeshea, akapandisha bei ya dumu mpaka watu wakawa wanaoga kwa zamu.

Nyumbani mama mkwe wake alikuwa kitandani tangu alipopigwa na kiharusi, na mgongo wote ulikuwa umetoka vidonda vya kulala. Muuguzi wa zahanati hakumficha.

"Vioshe kila siku, kwa maji ya chumvi yaliyochemshwa. Ukiviacha, vitakula mpaka mfupa."

Mume alikuwa mbali, anachimba misingi ya mitambo ya upepo. Alichotuma zaidi ni salamu.

Ndipo wanawake wa uwanjani wakatumia akili. Mikoba ilipekuliwa getini na chupa zilipigwa marufuku, lakini nani angepekua jasho? Kila mmoja alikuja kazini amejifunga shuka la pamba tumboni, chini ya ovaroli. Kazi ikikaribia kwisha analifungua, analilowesha kwenye mpira wa maji, analifunga tena likiwa chapachapa. Akifika nyumbani analikamulia kwenye sufuria. Kwa mkono wa kubana, shuka moja liliosha mgonjwa mmoja.

Siku hiyo wageni wakubwa walikuwa wanakuja kuzindua upanuzi mwingine, na msimamizi alikuwa hakai chini.

"Sugueni! Nataka mgeni rasmi ajione uso humo!"

"Akijiona si atakimbia," alinong'ona Nyigu, mwenzake wa safu ya jirani, ambaye ulimi wake haukuwa na breki.

Walicheka kwa kuinama. Wakaosha paneli zilizokwisha kuoshwa, halafu wakarudia tena, mpaka maji yakatiririka chini na udongo ukayanywa. Roho ilimuuma Chapuchapu. Wageni walikuja, wakapiga makofi, wakapiga picha, wakaondoka. Dereva wao mmoja alibaki nyuma kidogo ili aoshe matairi kwa mpira uleule.

Jioni, jua likiwa bado kali, walimkuta mlinzi waliyembandika jina la Kufuli amechora mstari wa chokaa mbele ya geti.

"Amri mpya," alisema bila kuwatazama usoni. "Hatoki mtu na nguo mbichi. Mgeni mmoja ameona mtu anadondosha maji. Maji ni mali ya kampuni. Simameni hapo juani mkauke kwanza."

"Tuanikwe?" Nyigu aliuliza. "Tumekuwa mihogo?"

"Dada, na mimi natumwa tu."

Na kweli alitumwa. Alikaa mtaa uleule, bomba lake kavu kama yao. Wakasimama kando ya paneli, wamefungua vifungo vya ovaroli, mikono wameitanua. Kufuli alipita akiwapapasa viunoni mmoja mmoja kuhakikisha, na aliyekauka akaruhusiwa kwenda. Ilikuwa aibu, na kila mmoja aliimeza kimya kwa sababu nyumbani kuna midomo.

Chapuchapu alisikia shuka likizidi kuwa jepesi tumboni. Hata hapo, juu ya ngozi yake, jua lilikuwa linaifanyia kazi kampuni. Aliuona mgongo wa mama mkwe, akaona pia mshahara wa mwisho wa mwezi, na akachukia kwamba ilimbidi kuchagua.

Kufuli alinyoosha mkono.

"Mkono wako uishie hapo, shemeji."

"Usinitie matatani. Ukivuka hiyo chokaa, kesho usije. Nitakuandika, sina ujanja."

Alimtazama Nyigu. Nyigu, na ulimi wake wote ule, aliangalia chini. Chapuchapu hakumlaumu. Alifunga vifungo vyake mpaka shingoni, akavuka mstari, akashika njia. Hakuna aliyemfuata.

Nyumbani alikamua mpaka viganja vikawaka. Maji hayakufika hata nusu ya sufuria. Aliyachemsha, akatia chumvi, akangoja yapoe. Alianza na kidonda kikubwa cha kiunoni, taratibu, mgonjwa akiuma shuka. Kabla hajafika mabegani sufuria ilikuwa tupu.

"Ongeza kidogo, mwanangu," alisema mama mkwe. "Huku juu ndiko kunakowasha."

"Yamekwisha, mama."

"Haya, si neno. Utanimalizia kesho."

Chapuchapu alikuwa anaikunja ovaroli ya kampuni, airudishe kabla hawajatuma mtu kuidai.

"Ndiyo, mama," alisema. "Kesho."