Kila Mlango na Mti Wake

Vumbi, Kamba mume wangu, vumbi. Vumbi kwenye kope, vumbi kwenye kingo za vikombe, vumbi kwenye mashuka niliyokuwa nikiyaanua na kuyakung'uta mpaka mabega yaniume. Unakumbuka? Jua la asubuhi lilikuwa likiingia dirishani na kutuonyesha tulichokuwa tukikipumua usiku kucha. Ukaniambia hiyo ni hewa tu, na palepale ukapiga chafya.

Vumbi hilo lilikuja siku miti ilipoondoka. Mtaa wetu ulikuwa na mijakaranda, na mijakaranda tu: mjakaranda kwa fundi viatu, mjakaranda kwa kinyozi, mjakaranda kwetu, mjakaranda mpaka barabara inapokata kona. Akaja mdudu mdogo, akatoboa gome la mti wa kwanza, akanogewa. Ahangaike kutafuta chakula kingine kwa nini, na meza imeshaandaliwa mtaa mzima? Akala mlango kwa mlango. Manispaa wakaja na misumeno yao, wakatuachia mbingu tupu na visiki.

Nililia, nawe uliniona. Ukadhani nalilia maua. Nilikuwa namlilia mama yako.

Mama yako haoni, na hilo halijawahi kumnyima usingizi. Ni msusi, na vidole vyake vikishagusa kichwa mara moja havikisahau. Saluni yake iko mwisho wa mtaa, na kila asubuhi alikuwa akienda kwa miguu yake mwenyewe, mkono wa kushoto ukigusa mti baada ya mti, kivuli baada ya kivuli. Kupotea alikuwa akipotea, tusidanganyane. Miti yote gome moja, sauti moja, harufu moja. Akisimamishwa kwa salamu, hesabu ya miti ilimtoka. Ndivyo alivyoingia buchani asubuhi moja, akavua mtandio, akamwambia mwenye bucha akae chini amsuke. Na mwenye bucha ana upara! Tulicheka mpaka tukashika mbavu, na aliyecheka kutushinda sote alikuwa yeye.

Miti ilipokatwa, hakucheka. Alijaribu kutoka, jua likampiga bila kivuli cha kumwambia yuko wapi, mkono ukanyooka, ukakuta hewa. Akarudishwa nyumbani na mpita njia. Nikamwambia, mama, nitakuwa nakupeleka mimi.

"Mimi si mkokoteni," akasema. "Nitakwenda kwa miguu yangu mwenyewe, au sitakwenda."

Saluni ikafungwa. Machanuo yake yakakaa dirishani kwetu yakishika vumbi, na mama yako akakaa karibu nayo, mikono mapajani, mikono ambayo sikuwahi kuiona ikiwa haina kazi. Nilikuwa nikipita pale na kuangalia pembeni.

Kisha manispaa ikasema mtaa upandwe upya, na kazi ikaangukia nyumbani kwetu: mimi wa kukuza miche kitaluni kwangu, wewe wa kusimamia upandaji. Mtu angedhani tungeshangilia. Tuligombana kama watu wasiowahi kula sahani moja.

Wewe, Kamba, jina hilo hukupewa bure. Mwanamume asiyekwenda hata dukani bila kamba yake mfukoni, anayepanga viatu mlangoni kwa kamba, aliyepima mlango wa chumba chetu siku ya kwanza ya ndoa kuona kama umekaa sawa. Ulitaka mti wa aina moja, urefu mmoja, mstari mmoja, mtaa uliochanwa kama nywele zikalala. Nikakuuliza, na mdudu akirudi? Ukasema mdudu yule anapenda mijakaranda, tutapanda mti mwingine. Nikasema mti mwingine nao una mdudu wake, yuko kituoni anasubiri basi. Ukanuna. Nikanuna. Chai ikapoa katikati yetu.

Mimi nilitaka mchanganyiko, na nilijua kabisa mchanganyiko gani. Mwekundu hapa, wa manjano pale, mweupe mbele, wa zambarau konani, maua yakipokezana mtaa mzima mwaka mzima. Nilijiona bingwa. Nikakaa miguuni kwa mama yako, nikamweleza mtaa wangu wa rangi, na sauti niliipaza makusudi ili ikufikie jikoni. Alinisikiliza mpaka mwisho, kwa adabu zake zote.

"Mtaa wako mzuri, mwanangu," akasema. "Sasa mimi nitauona kwa macho gani?"

Ulicheka, Kamba. Ulicheka mpaka kikombe kikakuponyoka, na mimi nikaona aibu mpaka masikioni. Halafu kicheko chako kikakatika kama redio iliyoishiwa betri, maana na ule mstari wako ulionyooka ulikuwa wa macho vilevile. Mtaa wangu na mtaa wako, yote miwili ilikuwa ya watu wengine.

Tukamleta kitaluni. Alikubali kwa sababu nilimwambia anakuja kazini, si kutembezwa. Akafunga aproni yake ya saluni, akakaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, akaagiza wateja waletwe. Nikamletea miche, nikamletea na vijiti, majani, magome na maganda ya miti mikubwa, ajue watoto hawa watakuwa nani wakikua. Akavipekecha, akavinusa, akavitikisa karibu na sikio. Alipoushika mvinje akasema huyu ana nywele ngumu, na mimi nikaanza kulia tena, safari hii kwa furaha, maana vidole vilikuwa vimerudi kazini.

Mvinje ukae nyumbani, akasema, kwa sababu huvuma hata upepo ukiwa kidogo, na yeye atautambua mlango wake kwa mbali. Mpera kwa fundi viatu, gome lake laini kama goti la mtoto. Mkungu kwa kinyozi, wenye majani mapana yanayoanguka kwa kishindo. Mkwaju baada ya hapo, maganda yake yapasuke chini ya kiatu. Jani la mwarobaini alilionja, akatema, akasema mti huo ni wa mwenye bucha, asije akaingia mle tena. Na mlangoni kwa saluni aliuweka mlangilangi, wenye maua yanayonukia, pua imwambie umefika.

Kamba ilikuwa mkononi mwako muda wote huo. Nilikuwa naiangalia. Uliikunja polepole, ukaitia mfukoni, ukachuchumaa mbele ya ile ndoo.

"Mama," ukasema, "niambie tunaanza na upi."

Jamani, siku ile ya kupanda! Kila mlango na mti wake, kila mtu na tope lake. Fundi viatu alijisifia mpera kama aliyepewa mke. Mwenye bucha alilalamika kwamba watu wote wamepewa matunda na harufu, yeye amepewa dawa, lakini shimo alilichimba mwenyewe na hakukubali kusaidiwa. Mama yako alimwagilia kila mche kwa mkono wake, akauambia anavyougusa: wewe ni fulani, simama hapa, nisubiri. Na wewe hukuweza kujizuia, nilikuona, ukaichomoa kamba ukanyoosha mashimo. Sawa, mume wangu. Mashimo yakanyooka, miti isifanane. Hapo tukapatana.

Mvua zikaja, zikaenda, zikarudi, mwaka baada ya mwaka. Kivuli kikaanza mdogo mdogo, kivuli cha kukaa paka, kisha cha kukaa mtu na stuli yake. Wakaja nyuki. Wakaja ndege ambao mtaa huu haukuwa na majina yao, kila mmoja akijichagulia mti wake na kelele zake, na mama yako akawaongeza wote kwenye njia yake. Machanuo yakatoka dirishani. Saluni ikafunguliwa. Kila asubuhi nilimsikia akishuka ngazi, kwa miguu yake mwenyewe, akiimba vibaya, na hakuna sauti mbaya niliyowahi kuipenda namna ile.

Halafu mdudu akaja. Si yule wa zamani, mwingine, kama nilivyokuambia, ameshuka kwenye basi. Akaufikia mpera wa fundi viatu, majani yakapauka, tawi baada ya tawi, na mapema asubuhi moja wewe ukaenda kuukata. Akilini nikauona mtaa mzima wa visiki tena. Nikayaona machanuo dirishani. Mama yako alikuwa anafunga viatu, na kati yako na mimi hakupatikana wa kumwambia.

Akatoka. Tukamfuata kwa mbali kama wezi, wewe umenishika mkono mpaka pete inaniuma. Mvinje ulimvumia, akaupita. Akafika kwa fundi viatu, mkono wake wa kushoto ukanyooka, ukakuta hewa.

Alisimama. Fundi viatu aliiacha nyundo hewani, haipigi wala haishushi. Nilitaka kukimbia nimshike, na wewe ukanizuia.

Mbele yake, kwa kinyozi, mkungu ukaangusha jani. Pa.

Mama yako akageuza uso kule, nikaona shavu lake linapanda kwa tabasamu.

"Fundi," akasema, "nakupa pole ya mpera wako." Na akaenda zake. Akagusa mkungu. Akakanyaga maganda ya mkwaju, na tukayasikia. Akapita kwa mwenye bucha bila kuingia. Akaingia chini ya mlangilangi, akasimama kidogo, akavuta pumzi, akafungua mlango wa saluni.

Ulilia, Kamba, hadharani, mbele ya fundi viatu, na wala hukusingizia vumbi. Kisha ukapiga magoti kwenye lile pengo, ukaitoa kamba mfukoni, ukaiangalia, ukaniangalia mimi.

"Kitaluni kwako," ukaniuliza, "kuna mti gani ambao mtaa huu haujawahi kuwa nao?"

Nilikupenda upya, papo hapo, na tope lako la magotini.

Jioni mama yako alirudi. Jua lilikuwa limelala upande, likipita katikati ya majani ya aina hii na aina ile, na mvinje wetu ulikuwa umechanua, ukimwaga unga wa manjano kila upepo ulipoutikisa. Unga kwenye kope zake, unga kwenye mtandio, unga mabegani. Mkono wangu ukaenda wenyewe kumpangusa, kwa mazoea.

"Pole, mama," nikasema, "vumbi."

Akanishika mkono. Akaupekecha ule unga kati ya vidole vyake, akaunusa, akacheka.

"Vumbi gani? Huu ni mvinje wangu," akasema. "Niache nao, nimefika nyumbani."

Na akapiga chafya. Ukapiga chafya nawe, nikapiga na mimi, na tukaingia ndani sote watatu, wa manjano vichwa mpaka mabega, bila kujipangusa.